Nne Bila

Nimetoka zamu ya usiku, kiwanda cha vitanda.
Nimewashonea watu magodoro tisini
na mwenyewe sijalala.
Jumamosi. Wingu limeifunika Dewsbury kama sufuria.
Napanda ngazi hadi safu ya K.
Winifred Oldroyd keshafika, chupa ya chai mapajani,
mto wa kukalia umefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Leo tunapigwa," anasema, kama mtu anayesoma saa.

Dakika ya sita, moja.
Beki wetu wa kushoto anapapasa
kama mlevi anayetafuta funguo mlangoni,
na mwizi keshaingia, keshatoka.

Ya kumi na tisa, mbili.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofunzwa.
Sisi twacheza kwetu, twatunzwa mvua.

Kocha Pybus kasimama kwenye chaki,
koti limemzidi mabega.
"Pandeni!" Wanapanda. Tunafungwa nyuma yao.
"Rudini!" Wanarudi. Tunafungwa mbele yao.

Tatu.

Jukwaa zima linamfukuza kwa mdomo mmoja,
na mimi nimo. Sitasema uongo:
nimemtukana mtu huyu kwa lugha mbili,
na ya mama ndiyo iliyokuwa chafu zaidi,
maana nilidhani hakuna anayesikia,
mpaka kijana wa safu ya M akageuka, mbavu hana:
"Dada, hilo la mwisho sijalisikia tangu Kisauni!"

Lakini inua macho.
Kile chumba cha vioo, juu kule, taa hazijawaka.
Mwenye klabu hajaonekana tangu Septemba.
Kiwanja cha mazoezi kakiuza;
vijana wanakimbilia nyuma ya shule,
wakipishana na mbwa wa mtaa.
Jezi ya kahawia, rangi ya sufu, ya tangu enzi za babake Winifred,
kaigeuza zambarau,
kaambiwa zambarau inauzika.
Pybus kapewa vilivyobaki sokoni jioni:
huyu goti, yule mgongo,
golikipa ana miaka thelathini na tisa na anaogopa krosi.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Yeye hajakilalia, na anatafuta mnunuzi.

Winifred hunisimulia kila mechi kana kwamba ni mara ya kwanza:
mji huu ulikusanya matambara ya dunia,
ukayachana, ukayasaga, ukayasokota upya
yakawa makoti ya askari.
Babake alikuwa mng'oa vifungo.
Mimi niliyevaa mitumba hadi kidato cha nne
namwelewa kuliko anavyodhani.
"Matambara si aibu," anasema.
"Aibu ni kumpa mtu matambara, ukamnyima mashine."

Nne.

Watu wanaondoka. Viti vinajikunja, kho, kho, kho,
jukwaa limeshikwa na kifua.
Mtu mmoja anavua skafu, anaivurumisha uwanjani.
Pybus anaiokota.
Hajui aipeleke wapi.
Anaikunja mara nne, anaiweka kwenye kiti chake,
kisha anasimama kando ya kile kiti, mvuani,
dakika kumi na moja zilizobaki.
Sauti ikanikauka. Si huruma, sidhani.
Ni kwamba nilijua atafutwa yeye,
na kile chumba cha vioo kitabaki na giza lake.

Jumatatu akafutwa. Tangazo la mistari mitatu,
jina la mji limekosewa.
Na bahasha: tiketi za msimu ujao, bei imepanda,
daraja tumeshuka.

Winifred akapiga simu. "Umelipa?"
"Bado. Na wewe?"
"Jana. Usiniulize."
Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Lile tusi lako," akasema, "lile refu. Nifundishe.
Nina mtu wa kumpelekea, akija siku yoyote."

Nikamfundisha. Silabi tisa.
Ya tatu inamkwama kooni kila mara.
Si neno. Tuna hadi Agosti.